Ndege za ratiba katika kiwanja chetu kidogo: wakazi tuanzie wapi kupinga?

Mkazi wa Chini ya Njia

Ndugu wasomaji, natanguliza salamu. Naishi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uganda, kama mita mia nne kutoka mwisho wa njia ya kurukia ndege ya kiwanja kidogo ambacho kwa miaka mingi kimetumiwa na ndege za mashirika ya misaada na madaktari wa misheni. Njia yenyewe ni ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, haina uzio upande wa kwetu, na watoto wanaokwenda shule pamoja na ng'ombe wanaokwenda mtoni huivuka kila siku, kwa kuwa zamani ndege zilikuwa mbili au tatu kwa wiki na mlinzi alipopuliza filimbi watu waliondoka. Hakuna aliyelalamika. Ndege iliposhuka tulijua kuna mgonjwa anachukuliwa au dawa zinaletwa, na wazee waliwapungia marubani mkono.

Mwaka huu mambo yamebadilika. Mmiliki wa kiwanja, ambaye ni taasisi binafsi, ameingia mkataba na kampuni ya ndege inayotaka kubeba abiria wa nauli kwa ratiba, safari mbili kila siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, ya kwanza ikiondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Wiki tatu zilizopita ilianza miruko ya majaribio. Mke wangu huanika mihogo uani, na mara mbili amelazimika kuiosha upya kwa sababu ya vumbi. Mwalimu wa darasa la tano katika shule iliyo jirani ameniambia kwamba ndege inapopita yeye husimama na chaki mkononi mpaka mabati yaache kutetemeka, kisha huanza sentensi yake upya, maana hajui watoto waliisikia hadi wapi. Juzi walikuja vijana wawili wenye kopo la rangi nyekundu, wakatia alama kwenye miembe mitatu ya jirani yangu, wakasema ni mirefu mno.

Hatukuitwa katika kikao chochote. Naomba kuelimishwa na wenye uzoefu: wakazi tuna haki gani ya kupinga jambo hili, au angalau kudai liwekewe masharti, wakati kiwanja kilikuwapo kabla ya nyumba zetu nyingi kujengwa? Tumwendee nani, ikiwa mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, anasema liko juu ya uwezo wake? Na je, tusubiri safari zianze rasmi mwezi ujao ili tuwe na ushahidi, kama baadhi yetu wanavyoshauri, au tusisubiri?

Muuza Vitenge

Ndugu Mkazi, pole kwa vumbi, lakini naomba na upande wetu usikike. Mimi hufuata bidhaa Kampala kila baada ya wiki mbili kwa basi la usiku, na mwaka 2024, Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, tulizungushwa njia ndefu hadi nikafika dukani nimechoka kuliko mizigo yenyewe. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala, naye hana muda wa kuzungushwa. Kiwanja kilikuwapo kabla yenu, na aliyejenga kando ya mto asilalamikie vyura. Jiulizeni pia ni wangapi kati yenu waliojenga ndani ya mipaka ya kiwanja wakijua, maana siku wapimaji watakapokuja wataumbuka.

Karani Mstaafu

Nilifanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimepokea kwa mikono hii majalada mengi ya wananchi waliokuwa na hoja nzuri lakini walikuja wamechelewa. Kwa hiyo nitaanza na swali lako la mwisho. Msisubiri.

Kwa mujibu wa kanuni za mapitio ya mahakama za mwaka 2009, anayepinga uamuzi wa chombo cha umma anatakiwa afike Mahakama Kuu mapema, na kwa vyovyote vile ndani ya miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko ilipojitokeza kwa mara ya kwanza, isipokuwa mahakama yenyewe ione sababu ya kuongeza muda. Wengi hudhani saa hiyo huanza kuhesabiwa siku ndege ya kwanza ya abiria inapotua. Huanza kuhesabiwa siku mtu fulani alipoketi ofisini akatia sahihi kibali, na huenda siku hiyo imekwisha kupita ninyi mkiwa mnahesabu ndege.

Sasa jiulizeni mnapinga uamuzi upi, kwa maana ndani ya jambo hili umejificha zaidi ya mmoja. Kiwanja chenyewe kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA. Kampuni ya ndege inahitaji leseni yake ya kubeba abiria. Kama kiwanja kinapanuliwa ili kipokee shughuli kubwa kuliko zile za zamani, linakuja suala la tathmini ya athari kwa mazingira na jamii chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, ambayo inasimamiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, na inataka watakaoathirika washauriwe. Upo pia upande wa mipango ya ardhi, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 2010 nchi nzima ni eneo la mipango, mijini na vijijini, na wilaya ina kamati yake ya kazi hiyo. Kila karatasi kati ya hizo ina tarehe yake, ofisi yake na mlango wake wa rufaa.

Hilo la mlango wa rufaa si dogo. Marekebisho ya mwaka 2019 ya kanuni zile nilizozitaja yanaitaka mahakama ijiridhishe kwamba mlalamikaji amekwisha kutumia njia nyingine za kisheria zilizopo kabla ya kuikimbilia. Mkienda mahakamani moja kwa moja, wakili wa upande wa pili hatagusa kelele wala vumbi. Atasimama na kusema kwamba hamkubisha hodi kwingine kokote, na kesi inaweza kuishia hapo kabla mwalimu wenu mwenye chaki hajaitwa kizimbani. Mnabanwa pande mbili, basi: miezi mitatu inawaharakisha kwenda mahakamani, na sharti hili linawataka mpitie kwanza ofisini. Ndiyo maana barua zinapaswa kuandikwa wiki hii, si baada ya mkutano mwingine chini ya mwembe.

Barua ya kwanza iwe ya kuomba nyaraka, kabla hata ya kulalamika. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 inampa ofisa husika siku 21 za kujibu. Msiombe "taarifa zote kuhusu kiwanja", kwa sababu ombi la namna hiyo hujibiwa kwa maneno matupu. Ombeni nakala ya idhini na masharti yake, nakala ya ripoti ya tathmini, orodha ya watu wanaodaiwa kushauriwa pamoja na tarehe ya kikao, na tangazo lolote lililobandikwa au kuchapishwa likiwaalika wananchi watoe maoni. Orodha ya waliohudhuria isomeni jina kwa jina. Kila barua iwe na nakala mbili, na nakala mnayobaki nayo igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Niliwahi kuona ombi zima likiokolewa na mhuri mmoja uliofifia, jaji akiuinua kwenye mwanga wa dirisha ili asome tarehe.

Kuhusu haki yenyewe, Ibara ya 39 inasema kila Mganda ana haki ya mazingira safi na yenye afya, Ibara ya 42 inadai kwamba anayefika mbele ya ofisa wa utawala atendewe kwa haki, na Ibara ya 50 inaruhusu mtu au taasisi kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za wengine, hivyo hamhitaji kila mwenye nyumba awe mlalamikaji. Hoja ya ndugu Muuza Vitenge kwamba kiwanja kilitangulia ina uzito, wala sitawadanganya. Lakini kilichotangulia ni kiwanja cha ndege tatu kwa wiki. Ninyi mlijenga jirani na hicho, na hiki cha safari kumi na mbili kwa wiki kimewafuata mlipo. Msimamo wenu ukae hapo, wala msiseme kiwanja kifungwe, kwa sababu mkisema hivyo mtawapoteza hata wale wanaowaunga mkono kimyakimya.

Suala la miembe litenganisheni na mengine. Masharti ya urefu wa miti na majengo karibu na viwanja vya ndege yapo kwa ajili ya usalama na ni halali. Ila kuchukua mali ya mtu ni jambo la Ibara ya 26, inayodai fidia ya haraka, ya haki na ya kutosha kabla mali haijachukuliwa. Jirani yako asikubali panga liguse mti kwa ahadi ya mdomo, hata kama anayeahidi amevaa tai.

Mkazi wa Chini ya Njia

Mzee wangu, nashukuru sana. Nimeyasoma maneno yako kwa sauti mbele ya kamati na wawili kati yetu wamekwenda kutafuta karatasi za kuandikia. Naomba niulize jambo moja zaidi. Kijana wangu alipima kelele za ndege kwa simu akiwa uani na ikamwonyesha desibeli 88. Je, kipimo hicho kinafaa kuambatanishwa na barua?

Fundi wa Soroti

Nilisomea ufundi wa ndege Soroti, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, kwa hiyo naomba nijibu hili. Namba ya simu msiitegemee. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa sauti ya mtu anayezungumza karibu, na haijasawazishwa na mtaalamu yeyote; mkiitanguliza, mtabishaniwa kuhusu simu badala ya kuhusu ndege. Fungueni daftari. Andikeni tarehe, saa na dakika, ndege imetua au imeruka, imeelekea upande gani, somo lilisimama kwa sekunde ngapi, na aliyeandika atie sahihi. Daftari la mwezi mmoja lililoandikwa na mwalimu siku kwa siku, bila kuruka siku ambazo ndege haikuja, lina nguvu kuliko namba kubwa iliyopimwa mara moja.

Tena mjue mapema jinsi namba zitakavyotumiwa dhidi yenu. Kanuni za kelele za mwaka 2003 ziliweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa makazi ya watu, lakini kelele za namna hii hupimwa kwa wastani wa muda mrefu. Tuseme ndege inatoa desibeli 85 uani kwako kwa sekunde 20, mara nne kwa siku, yaani kutua mara mbili na kuruka mara mbili. Ukizisambaza sekunde hizo 80 katika saa 16 za mchana, wastani unaotokana na ndege peke yake ni kama desibeli 56. Namba hiyo iko juu ya 50, ni kweli, lakini mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60, na mtaalamu wa kampuni atasema kwa uso mkavu kwamba ndege yake ni tulivu kuliko soko. Zaidi ya hapo, safari zikiongezwa maradufu, wastani hupanda kwa desibeli 3 tu. Kwa hiyo daini kwamba ripoti ionyeshe pia kelele ya juu kabisa ya kila mruko na idadi ya miruko kwa siku, kwa sababu mtoto aliye darasani hasikii wastani.

Nimesoma maelezo yako mara mbili, na kwa maoni yangu hoja yenu kubwa kuliko zote mmeipitia haraka mno. Watoto wanavuka njia ya ndege. Ndege ya injini moja ya abiria kama Cessna Caravan hukaribia kutua ikiwa na mwendo wa kama kilomita 140 au 150 kwa saa, yaani karibu mita 40 kila sekunde, na filimbi ya mlinzi haiwezi kushindana na hiyo hata kidogo. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika Kiambatisho cha 14, vinataka kuwe na uzio au kizuizi cha kufaa cha kuzuia wanyama wasiingie mahali ndege zinapopita. Nani ameidhinisha abiria wa ratiba bila uzio? Swali hilo halina majibu mengi, na hakuna wakili atakayelifanyia mzaha.

Lakini tahadharini. Siku uzio utakapojengwa, njia yenu ya kwenda shule na mtoni itakatika, na kama hamkuidai njia mbadala kwa maandishi kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa, mtajikuta mmeshinda kesi na watoto wanatembea kilomita mbili zaidi.

Baada ya uzio, ombeni mambo ambayo rubani anaweza kuyatekeleza: saa ya kuanza safari isogezwe mbele, injini zijaribiwe mwisho wa kiwanja ulio mbali na shule, na panapokuwa na upepo mdogo ndege iruke kuelekea upande usio na nyumba. Kelele nyingi ya ndege za aina hii hutoka kwenye panga la mbele linapozunguka kwa kasi kubwa wakati wa kuruka, na tena baada ya kutua, rubani anapogeuza pembe ya panga ili kupunguza mwendo. Kimataifa, tangu mwaka 2001, utaratibu uliokubaliwa ni kuangalia kwanza ndege zenyewe, mipango ya ardhi na namna ya kuziendesha. Kuzuia safari si hatua ya kukimbiliwa mwanzo. Mkianza na "hatutaki ndege", mtakuwa mmeanzia mwisho.

Na kama kiwanja chenu kinatumiwa pia na ndege za mafunzo, ulizeni nani anaziongoza. Mwezi Machi 2024, ndege ya abiria na ndege ndogo ya mafunzo, zote zikiwa zimetoka kiwanja cha Wilson, ziligongana angani juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ile ya abiria ilirudi salama. Wawili waliokuwa katika ile ndogo walifariki.

Mjomba wa Ng'ambo

Nawasalimu kutoka jimbo la Washington, Marekani, ninakoishi siku hizi. Huku upo uwanja unaoitwa Paine Field, kaskazini mwa Seattle, uliojengwa mwaka 1936 na uliopakana na kiwanda cha Boeing cha Everett. Kwa miaka mingi haukuwa na safari za kawaida za abiria. Zilipopendekezwa, mji jirani wa Mukilteo na wenzake walipinga. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa uamuzi mwezi Desemba 2012 kwamba hakutakuwa na athari kubwa, wapinzani wakaenda mahakama ya rufaa, na mwaka 2016 wakashindwa. Ndege za abiria zilianza tarehe 4 Machi 2019.

Nawaeleza hayo kwa sababu ya hoja moja waliyoitoa, ambayo naona na ninyi mtaitoa. Walisema kwamba tathmini ilihesabu safari chache, na kwamba mlango ukishafunguliwa zitakuja nyingi kuliko zilizohesabiwa. Mahakama iliona kwamba hizo nyingi zilikuwa za kukisia. Basi kama barua ya kampuni yenu, tangazo lake la biashara au hata bango lililobandikwa kituo cha mabasi linataja mipango ya kuongeza safari au kuleta ndege kubwa zaidi, lihifadhini, kwa sababu hapo si ninyi mnaokisia tena.

Wapo pia waliofika mbali zaidi kwa njia ya makubaliano. Mji wa Santa Monica, California, ulivutana kwa miaka mingi na mamlaka hiyohiyo, na mwaka 2017 wakakubaliana kwamba mji utaweza kuufunga uwanja wake baada ya tarehe 31 Desemba 2028. Mwaka huohuo njia ya kurukia ikafupishwa kutoka kama mita 1,500 hadi chini ya 1,100, na ndege nyingi kubwa zikashindwa kuutumia. Ila ule uwanja ni mali ya mji. Wenu ni wa taasisi binafsi, kwa hiyo msijenge matumaini juu ya mfano huo.

Muuza Vitenge

Nimefuatilia yote. Barua ya uzio nileteeni niitie sahihi, kwa kuwa mtoto wa dada yangu anasoma shule hiyohiyo. Na hiyo saa kumi na mbili na dakika arobaini hata mimi msafiri siitaki. Nitafikaje kiwanjani, bodaboda gani itanichukua gizani na marobota mawili? Ila mkiandika kwamba ndege zisije kabisa, jina langu liondoeni.

Mkazi wa Chini ya Njia

Ndugu zangu, narudi na habari. Jana nilikwenda ofisi ya kaunti ndogo pamoja na mwalimu. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya bango la chanjo na karatasi ya karantini ya mifugo, tuliikuta nakala ya barua inayosema matumizi mapya ya kiwanja yameidhinishwa baada ya wananchi kushauriwa. Ina tarehe ya wiki tisa zilizopita. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinua lile bango la chanjo.

Kwa hesabu ya mzee wetu Karani tumebakiwa na wiki nne hivi, na siku 21 za kusubiri nyaraka zinazila tatu kati ya hizo. Kamati imeamua kutosubiri majibu: wakili tunaonana naye Alhamisi, na kila nyumba imechanga shilingi elfu kumi, isipokuwa wajane wawili tuliowasamehe. Neno "kufungwa" tumeliondoa kwenye barua. Tumeomba uzio, njia ya watoto na ng'ombe kabla ya uzio, safari zisianze kabla ya saa mbili asubuhi, na orodha ya hao wananchi walioshauriwa. Jirani mwenye miembe ameandika barua yake peke yake.

Leo saa nne asubuhi barua zote tatu zimepokelewa. Mhuri kwenye nakala yetu ya kwanza ulitoka umefifia, nikamwomba karani wa pale autie wino na kuugonga tena. Alinitazama kwa mshangao, lakini aliugonga.